Sentimita Kumi na Tisa

Saa mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni,
nashuka ukingoni na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.
Ubao wa kipimo umesimama majini hadi kiunoni,
rangi imebanduka kila penye saba,
kwa hiyo saba naisoma kwa imani.

Kazi yangu ni kuona na kuandika.
Kukisia silipwi, na hata kuona nalipwa kwa kuchelewa.
Huu mwaka wa nne naiandika Manafwa:
siku ulipofurika ukaumeza ubao wote
niliandika *haukuonekana*;
siku ulipobaki utepe na kambare watatu
niliandika *tope*.

Watu hudhani mto ni mmoja.
Mto ni mikono mingi ndani ya sahani moja.
Juu, kwenye miteremko, Nandudu ananywesha vitunguu;
chini yake wafyatua matofali wanaumega ukingo,
udongo kwa miguu, maji kwa ndoo;
mji unavuta kwa bomba lake nene, haulali;
ng'ombe wanakunywa bila kuuliza zamu ni ya nani.
Halafu sisi wa Butaleja, watu wa mpunga,
mmea unaotaka kusimama majini kutwa kucha
kama msomaji wa kipimo.
Na baada yetu kinamasi, mafunjo, korongo wenye taji,
wasio na mjumbe hata mmoja kwenye kamati.

Wesana ndiye mwenye funguo za malango.
Jumatatu linafunguliwa la kwanza, Jumanne la pili,
na kila zamu ina mtu anayeapa kwamba saa yake ilikuwa fupi.

Mwezi wa pili, jioni, nilisoma sitini na moja.
Asubuhi, arobaini na mbili.
Jua halinywi usiku.
Nikaupangusa ubao kwa kiganja, nikasoma tena.
Arobaini na mbili.

Usiku uliofuata nilipanda na ukingo,
tochi ya simu nimeificha kifuani.
Niliisikia kabla ya kuiona:
pampu, inakohoa dizeli ndani ya matete,
na bomba la turubai limenenepa kama chatu aliyeshiba
kuelekea ekari mbili za tikiti maji.
Aliyechuchumaa kando yake ni Higenyi.
Tumbo moja, ziwa moja.

"Si walisema maji hufuata mkondo?" akacheka.
"Mkondo ndio huu. Nimeununua kwa mkopo."
Kisha hakucheka.
"Mkopo haungoji mvua, Logose.
Wewe andika hamsini na tano. Nani atajua?"

Nani atajua.
Nabire atajua, wa lango la mwisho kabisa,
jaruba lake limepasuka kama kisigino
na miche imegeuka rangi ya mkeka.
Lakini yeye hana daftari.

Akanikatia kipande. Nilikula, sitaficha.
Kilikuwa kitamu, na karibu chote kilikuwa maji.

Saa mbili asubuhi. *Arobaini na mbili.*
Pembeni kuna safu ya maelezo,
ambayo miaka yote minne nimeijaza *hali ya kawaida*.
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu
hata kunguru akazoea kunitazama.
Niliandika: *pampu moja, usiku, ukingo wa kushoto*.
Jina sikuliandika.
Wesana aliposoma aliniangalia, akaanza kuuliza,
akaliona kokwa la tikiti kwenye ukurasa.

Hawakumfukuza. Walimpa zamu,
Alhamisi, nyuma ya Nabire,
na pampu ikalala nyumbani kwa karani hadi mvua.
Mkopo haukulala. Aliuza mbuzi wawili na baiskeli.
Tukikutana njiani
yeye hutazama mpunga, mimi hutazama mto.

Jana asubuhi, hamsini na saba.
Au sita.
Nimeomba rangi tangu mwaka juzi.